Shingo ya Bi Bata

Ijumaa, 3 Rajabu

Naanza kuandika leo kwa sababu nyumba hii haina wa kusema naye. Fahim mwanangu yuko kazini, mkewe yuko kazini, Raisa mtoto wao yuko skuli, na Sumayya yupo lakini ni kama hayupo. Mimi skuli sikukanyaga hata siku moja. Chuoni, kwa maalimu wa Kurani, nilifika juzuu amma nikatolewa nikalee wadogo zangu, basi hizi herufi ni za chuoni. Raisa akiniona na kalamu huuliza kama naandika kombe, zile aya za kuoshwa zinywewe dawa. Namwambia ndiyo, kombe la kunywa mwenyewe.

Theluji inaanguka tangu alfajiri. Hapa Maplewood, mji wa ugenini anakoishi Fahim, ikianguka huoni mtu nje, ni magari tu yanapita yamefunga vioo.

Sumayya ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu. Nimemlea mimi, Kibokoni, Mombasa, tangu hajaota meno. Sasa ni mwanamke mzima, kazi yake iko Uingereza, kwenye televisheni ya watoto. Yeye ni mkono wa bata. Ndivyo ilivyo, sioni haja ya kuzunguka. Kuna kipindi wanachotazama watoto kule kabla ya kulala, na ndani yake mna bata bukini jike, mtu mzima, ana mtandio wa zambarau na matako makubwa. Wenyewe wanamwita Hetti. Mimi namwita Bi Bata. Shingo ya Bi Bata ni mkono wa mjukuu wangu mpaka begani, kichwa ni kiganja chake, sauti ni yake. Miaka kumi na mmoja.

Mkono huo sasa haumtii. Mshipa umebanwa shingoni kwa kuunyanyua juu miaka yote hiyo. Wamempasua kulekule Uingereza, kisha akaja hapa auguzwe, maana mume alishamwacha na mtoto hana. George, mkubwa wa kipindi, atamngoja mpaka Shaabani iishe. Akiweza kumshika Bi Bata atarudi. Asipoweza, atatiwa mtu mwingine ndani ya ile shingo.

Basi. Mkono wangu nao umechoka, lakini wangu ni uzee.

Jumamosi, 4 Rajabu

Uji wa mtama. Kala vijiko viwili, kasema ameshiba. Mwongo.

Jumanne, 7 Rajabu

Nimemkanda kwa mafuta ya ufuta.

"Bibi, daktari kasema usikandwe sana."

"Daktari alikulea?"

Kanyoosha mkono. Nimeshika kile kidole gumba, kimekaa kama cha mtu aliyelala. Nikakibana kwa nguvu. Kaniambia anasikia mbali, kama mtu anagonga mlango wa jirani.

Ijumaa, 10 Rajabu

Fahim kaja na Cyrus baada ya sala. Cyrus ni Mkisii, wako pamoja hospitali, kazi yake ni kunyoosha viungo vya waliopasuliwa. Kaja kwa hisani, na nimemlisha mahamri mpaka kafungua mkanda.

Kampa Sumayya mpira laini aubane. "Haya madam, squeeze. Usiharakishe. Mm. Iko na improvement kidogo."

"Kidogo ndiyo ngapi?" nikauliza mimi.

"Mathee, nerve inakua pole pole, kama nywele."

"Nywele za nani?"

"Za mtu ako na stress."

Sumayya hakucheka. Mimi nilicheka, kisha nikaona haya.

Jumatano, 15 Rajabu

Mpira. Uji. Mpira.

Jumanne, 21 Rajabu

Leo skuli zimefungwa kwa baridi. Fahim anasema ukimwaga maji moto hewani yanarudi moshi. Sijui ni nani mwenye akili anayemwaga maji hewani.

Raisa kashinda nyumbani. Mchana kaingia chumbani kwa Sumayya, kamwambia kwa Kizungu amtoe Bi Bata. Sumayya alikuja naye, yuleyule wa kupigwa picha, afanyie mazoezi. Yuko ndani ya boksi chini ya kitanda tangu siku ya kwanza, na mimi sikuwahi kumwona ila kwenye simu. Nilidhani atakataa. Kalivuta boksi kwa mguu.

Kumbe si mdoli. Mdoli ukimlaza analala. Huyu alikuwa amelala ila nilihisi kama nimeingia chumbani kwa mtu bila hodi. Sponji kavishwa manyoya laini, kila nyoya limeshonwa peke yake. Sumayya kasema yale ya kifuani aliyashona yeye, zamani, kazi yake ilipokuwa kufagia karakana yao na kuokota pini. Alikwenda Manchester kusomea mahesabu ya biashara. Siku moja wakamwomba ashike bawa kwa sababu mwenye bawa anaumwa tumbo. Hakurudi kwenye mahesabu.

"Unasimama wapi watu wasikuone?" nikamuuliza.

"Sisimami, Bibi. Nakaa chini ya sakafu, kwenye kigari cha magurudumu, mkono juu. Simtazami bata. Natazama televisheni ndogo iko miguuni, na humo kulia ni kushoto."

"Siku nzima?"

"Siku nzima."

Mimi miaka yote nikiulizwa mtaani nilisema mjukuu wangu anacheza na wanasesere Ulaya, na moyoni nilikuwa namngoja apate kazi. Leo nimemtazama bega lile.

Katia mkono. Shingo ikapanda, ikapanda, Raisa kapiga makofi, na kichwa kikageuka kidogo kumtazama. Wallahi alitazama. Kisha mdomo ukafunguka na haukufunga tena. Sumayya akakaza uso. Mdomo wazi, kichwa kikaanza kuinama, kikaangukia godoro.

"Kalala?" kauliza Raisa.

"Anaumwa," nikasema mimi.

"Mkono wa kushoto je?" Raisa huyo, mtoto wa miaka sita, hana breki. Mimi nilikuwa nataka kuuliza hilohilo.

Sumayya kabadilisha mkono. Bata akasema, akafunga mdomo vizuri, kila kitu. Raisa kamwangalia kwa muda, kisha kasema huyu si yeye.

"Ndiyo," kasema Sumayya. "Si yeye."

Kamrudisha ndani ya boksi na mimi nikamtoa mtoto.

Ijumaa, 8 Shaabani

Cyrus hakuleta neno jipya. Kala mahamri mawili tu. Mtu akikosa la kukwambia hula kwa adabu.

Ijumaa, 15 Shaabani

Nisfu Shaabani. Nimesoma Yasini tatu, nimeandika kombe kwenye sahani kwa zafarani, nikaliosha kwa maji ya waridi, kanywa. Kanywa kama anavyokunywa dawa ya kikohozi, ili nisimsumbue. Nilitamani hata anikatalie, tugombane. Kugombana naweza.

Alhamisi, 21 Shaabani

Leo walimpima. George alikuwa Manchester na huku ni asubuhi, wakaonana kwa kompyuta. Fahim kachelewa kazini makusudi ili awepo. Sumayya kavaa fulana nyeusi, ndizo wavaazo wakiwa kazini wasionekane. Kapiga magoti nyuma ya kochi na kumtoa Bi Bata juu ya mgongo wa kochi.

George mzee mwenye ndevu, sauti ya upole. Sauti ile ya upole ndiyo iliyonitisha.

Mwanzo kaweza. Bi Bata kasema salamu, kapangusa mdomo kwenye mto wa kochi, George kacheka. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili, namwona bata kwa mbele na mjukuu wangu kwa nyuma. Mbele palikuwa na kicheko. Nyuma palikuwa na jasho, na mkono wa kushoto umeushika ule wa kulia kwa kiwiko, unausukuma juu. Nilitaka niende nikaushike na mimi. Fahim kanizuia kwa macho. Ningesaidia nini? Ningeushika nikae nao miaka mingine kumi na mmoja?

Bata akaanza kuinama. Akainuka. Akainama. Kidole gumba kikaachia, mdomo wazi. Bata kakaa vile na mdomo wake wazi kama maiti ambaye hajafungwa kidevu. Nimefunga videvu vya watu wangu, najua.

Kisha George akaita, "Sumayya." Jina tu.

Yeye akajibu kwa Kizungu, palepale nyuma ya kochi, bila kujitokeza. Fahim kanitafsiria baadaye. Kasema: Najua. Mtafute mtu. Ila nimfundishe mimi.

Fahim kaondoka kwenda kazini. Kambusu mpwawe kichwani, katafuta funguo za gari zilizokuwa mkononi mwake. Na mimi nilipika. Nilipika wali, mchuzi, na maharage ya nazi kwa watu wawili wasiokula.

Jumapili, 24 Shaabani

Mwizi anaitwa Laurencia. Msichana wa Leeds, mwembamba, nywele fupi kama za mgonjwa. Anajifunza kwa soksi ya kijivu aliyoivaa mkononi mpaka Bi Bata amfikie. Nimepita nyuma ya kompyuta mara nyingi, sikumsalimu.

Jumatatu, 25 Shaabani

Leo nimejua jambo, na sijui nilie au nipige mtu.

Nilikuwa nachagua mchele jikoni. Nasikia Sumayya anasema "no, no," pole pole, tena na tena. Fahim alikuwa nyumbani, nikamuuliza kuna nini. Kasema, "Mama, yule binti anawahi kujibu. Sumayya anamwambia Bi Bata husikiliza kwanza. Ana namna yake ya kusikiliza. Sasa hawezi kumwonyesha."

Mara nikaitwa. "Bibi, njoo ukae hapa."

"Nina mchele."

"Uje na mchele wako."

Nikakaa mbele ya kile kioo cha kompyuta na sinia mapajani. Yule binti kaniamkia kwa mkono wenye soksi. Sikuitikia. Sumayya akapita upande wangu wa kushoto, na sikio langu la kushoto limekufa tangu nilipougua surua, yeye anajua. Akaninong'oneza kitu.

Nikafanya ninavyofanya siku zote. Nikaacha mkono ndani ya mchele, nikageuza shingo kumpa sikio la kulia, nikafumba jicho moja nusu, nikangoja kidogo ili lile neno lifike, kisha ndiyo nikasema, "Eeh?"

Laurencia kapiga ukelele kule Leeds kama kaumwa na nge.

"Umeona?" kasema Sumayya.

Nikawatazama mmoja mmoja. Fahim kageukia dirisha, mabega yanamtetemeka kwa kucheka.

"Sumayya. Umenitia mimi ndani ya ndege?"

"Bata, Bibi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza niliyopewa kichwa. Waliniambia, mpe tabia. Sikuwa najua tabia ya mtu mwingine."

"Na matako yale?"

"Matako wameyatia Waingereza."

Basi nikacheka na mimi, Mungu anisamehe, tukacheka sote, na yule binti kule akacheka bila kujua tunacheka nini. Halafu nikarudi jikoni na sinia langu na ndipo nilipofahamu nilichokifanya. Nimemfungulia mwizi mlango, nikamwonyesha na pa kuwekea mzigo.

Jumanne, 26 Shaabani

Kaniita tena. Nimekataa.

"Sitamfundisha mtu kukunyang'anya riziki yako."

"Hajaninyang'anya, Bibi. Imeniponyoka."

"Basi ife na huyo bata. Wamzike."

Hakupandisha sauti. Kakaa kitandani, ule mkono kauweka mapajani kama mzigo wa mtu mwingine. "Ukinikataza nitaacha," kasema. "Lakini wale watoto watamwona bata mjinga, anayejibu bila kusikia. Mimi sitaki awe mjinga. Akiwa mjinga ndiyo nitakuwa sikufanya kitu miaka yote."

Nikajifunga leso.

Nikaenda nikakaa kwenye kioo. Nilimwitikia yule binti leo. Nimeona vidole vyake vina plasta, kwa kushinda na soksi. Naye pia anaogopa. Kila akimaliza anamtazama Sumayya kama Raisa anavyonitazama akinisomea alifu.

Jumamosi, 1 Ramadhani

Tumefunga. Sumayya kafunga ingawa nimemkataza.

Jumatano, 5 Ramadhani

Kesho Bi Bata anaondoka. Fahim atampeleka posta akitoka kazini. Theluji imeanguka tena, nzito, yenye maji.

Alhamisi, 6 Ramadhani

Ya Rabbi, siku ya leo.

Nyumbani kwangu hatoki mtu kwenda kwa watu bila kufukizwa. Mabibi harusi nimewafukiza wengi, nguo kwa nguo, na nywele. Sumayya mwenyewe nilimfukiza siku aliyopanda ndege kwenda Ulaya. Sasa huyu bata anatoka kwetu kwenda kukaa na mkono wa mtu asiyemjua, nimwache aende ananuka boksi?

Sumayya alikuwa analala, Raisa yuko skuli. Nikatia udi kwenye chetezo, udi wangu wa akiba, ule alioniletea marehemu mume wangu, nikamkalisha Bi Bata kwenye kiti na kumzungusha moshi chini ya mabawa. Nikamsomea na Qulhuwallahu. Nilikuwa nasema naye pia, siandiki nilisema nini.

Kengele ya moshi ya nyumba za huku haina imani. Ikalia! Ikalia kama dunia imekwisha. Nikashtuka, chetezo kikagonga kiti, kaa la moto likamrukia bata shingoni. Manyoya yale yanashika moto kama pamba. Maji yako mbali. Nikafungua dirisha, nikamtupa nje.

Sumayya alitoka mbio kichwa wazi, akanikuta nimesimama dirishani nakohoa. "Bibi, nini kinaungua?"

"Bata."

"Yuko wapi?"

Nikaonyesha nje. Bi Bata alikuwa amezama kwenye theluji kichwa chini, matako juu, moshi unamtoka shingoni, na mbwa wa jirani anambwekea.

Sumayya akatazama. Akashika ukingo wa dirisha, akacheka. Alicheka hata akakaa chini. Tangu aje sikumsikia kicheko kile, nami nikafurahi, nikasema moyoni alhamdulillahi, kumbe dawa ni hii. Kisha kile kicheko kikageuka njiani na sikuona kiligeukia wapi. Kalia kwa sauti, mdomo wazi, kama alivyolia siku aliyokufa mamake, yeye bado mchanga. Kengele inalia, mbwa analia, yeye analia. Nikaketi naye sakafuni nikamshika kichwa. Sikumwambia litapita. Sioni linapita.

Mchana tukamshona. Tundu lilikuwa nyuma ya shingo, la kutia kidole. Nimekata pindo la leso yangu nikalipachika ndani. Yeye mkono mmoja haushiki sindano, mimi macho hayaoni tundu la uzi. Basi yeye katunga uzi kwa meno na mkono wa kushoto, mimi nikashona kwa kupapasa, yeye ananiambia juu, chini, hapo. Pale juu tukafunika na manyoya ya mkiani. Pameshonwa vibaya. Lakini pameshika.

Fahim kaja kumchukua. "Mama, mbona gari lote linanuka harusi?"



Jumatatu, 17 Ramadhani

Wameanza kupiga picha huko. Sumayya kajua bila kuambiwa na mtu. Wakati wa saa yao ya kuanza kavaa ile fulana nyeusi, kakaa kwenye kochi mpaka adhuhuri.

Jumatano, 19 Ramadhani

Laurencia kamwandikia. Anauliza harufu ile ndani ya shingo ni nini, na kama inaruhusiwa wasimfue. Nikasema mwambie ni udi, na mwambie nimemkataza kumfua. Nimesema hivyo mwenyewe, sijui nimeanza lini kumjibu.

Jumapili, 23 Ramadhani

Cyrus kafuturu kwetu ingawa yeye ni Mkristo. Sumayya kabana mpira, umebonyea. Sote tukapiga makofi. Kikombe cha chai hajaweza kukishika.

Jumapili, Mosi ya Shawwali

Leo Idi. Theluji ya barabarani imekuwa matope. Tumekwenda kusali mjini Saint Paul, tumerudi, nyumba imejaa watu, wameondoka.

Alasiri simu ya Sumayya ikalia. Alikuwa jikoni anaosha sahani kwa mkono mmoja, ule mwingine anauegemezea sinkini. Kaangalia jina, kaifuta mikono kwenye dera langu la Idi bila kujijua, kanipa simu.

"George kaleta kipande cha kwanza. Anataka nikubali kabla hawajaendelea."

"Haya, tazama."

"Tazama wewe, Bibi. Mimi siwezi. Niambie kama ni yeye."

Kanigeuzia mgongo, kafungulia maji.

Nikakaa kwenye kiti kilekile cha udi. Raisa kaja kuniwashia, kajibana kwapani kwangu. Bi Bata alikuwa kitandani mwake na mtandio wake wa zambarau. Kuna sungura mdogo kaja kumwambia jambo, ana huzuni, Kizungu chake sikukielewa. Nikaomba. Nitaandika ukweli, hakuna wa kumficha hapa: niliomba yule binti akosee. Nilimwomba Mungu, siku ya Idi, na udhu wangu.

Sungura kamaliza kusema. Bi Bata hakujibu. Kageuza shingo taratibu, kampa sikio la kulia. Jicho moja likafumba nusu. Akangoja. Akangoja mpaka nikasahau kupumua, na pale nyuma ya shingo, alipoinama, nikaona tulipopashona.

Raisa kaninyooshea kidole usoni. "Bibi," akasema, "ni wewe."

Maji yakafungwa jikoni. Sumayya alikuwa bado kanipa mgongo.

"Kasikiliza?" akauliza.

Ningeweza kusema hapana. George angengoja. Labda wangengoja mpaka nywele za Cyrus ziote. Nilitazama ule mkono juu ya sinki, vidole vyake vimelala, na neno lenyewe nilikuwa nalo mdomoni, zito kama jiwe la kusagia.

"Kasikiliza," nikasema. "Ndiye."

Kaitikia kwa kichwa. Kafungulia maji tena, kachukua sahani nyingine.